Taa ya dagaa haiwaki vizuri? Pima volti na ampea, upate omu na wati

Giza la mwezi likiingia na wavuvi wa dagaa wakiwasha taa, fundi yeyote wa Igombe au Kirumba, Mwanza, anajua atakachoambiwa: "Betri imekufa." Mara nyingi betri ni nzima kabisa. Kabla mtu hajauziwa nyingine, chukua mita ya kupimia umeme. Kanuni ni mbili:

Omu (ukinzani) = volti ÷ ampea
Wati (nguvu) = volti × ampea

Hatua ya 1. Washa taa, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), gusisha ncha mbili za taa. Lazima iwe inawaka: betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa haina mzigo, ukiwasha taa ikaporomoka.

Hatua ya 2. Ampea. Hamishia waya mwekundu tundu la 10A, fungua njia ya umeme sehemu moja, mita ikae hapo katikati. Usiguse nayo ncha mbili za betri! Fyuzi itakatika, na zile mita za bei chee ambazo tundu hilo halina fyuzi zinaungua zenyewe. Ukimaliza rudisha waya kwenye volti papo hapo.

Hatua ya 3. Tuseme umepata volti 11 na ampea 2. Ukinzani wa taa ni omu 5.5, nguvu yake wati 22.

Hatua ya 4, ambayo wengi wanairuka. Taa ikiendelea kuwaka, pima volti kwenye betri. Ikisoma 12.4, basi volti 1.4 zimepotelea njiani. 1.4 ÷ 2 = omu 0.7, na 1.4 × 2 = wati 2.8 zinazopasha waya joto bure. Omu 0.7 ndizo za waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi (hiyo ya kurudi husahaulika sana). Ukiweka wa 1.5, ukinzani unashuka hadi kama 0.23, upotevu haufiki nusu volti. Ukiona bado uko juu, kwangua kutu kwenye klipu za betri.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Taa zangu ni za LED, kanuni zinakubali?
Marahaba. Ya wati inakubali. Ya omu inakupa jibu la volti zile tu. Volti zikibadilika, omu nazo zinabadilika.

Balbu ya nyuzi ya wati 60, volti 230: hesabu inatoa omu 882, mita inasoma kama 65. Mita mbovu?
Nzima. Umeipima ikiwa baridi. Uzi wa tungsteni ukishika moto, ukinzani hupanda zaidi ya mara kumi. Ila ampea za umeme wa nyumbani usizipime kwa mita hizi, soma kibandiko. Pasi ya wati 1000 ni 1000 ÷ 230, kama ampea 4.3.

Betri ya 50Ah (ampea-saa 50) itanifikisha alfajiri na taa ile ya ampea 2?
Kwa karatasi ni saa 25. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 12: ukiwasha saa moja jioni, unafika. Kwa taa mbili kama hiyo, nusu inaisha kwenye saa saba usiku. Ongeza betri.