Somo: Kompyuta inasema "imehifadhiwa" kumbe diski haijaandika

Habari za jioni wakuu. Somo hili niliwaahidi tangu msimu wa kahawa uliopita. Naanza na kilichonikuta mwenyewe.

Chama kimoja cha msingi cha wakulima, huku milimani juu ya Moshi, kinapokea kahawa kwa programu niliyoiandika mimi. Mkulima anaweka gunia kwenye mizani, karani anaingiza kilo, skrini inaonyesha "Imehifadhiwa", stakabadhi inatoka, mkulima anashuka nyumbani. Siku moja ya Oktoba karani alifungua faili jioni, akahesabu mistari, yote ikawepo. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi mashine ilipowaka, vipimo vyote vya kuanzia saa saba mchana havikuwepo: mahali pake palijaa sifuri tupu. Tulishinda kutwa nzima tunarudishia kilo kutoka kwenye nakala za kaboni, gunia kwa gunia. Bila zile karatasi, jasho la watu lingepotea. Na aliyewaambia kwamba kilo zao zimehifadhiwa ni programu yangu.

Diski ilikuwa imechoka. Lakini lililoniuma si diski. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia RAM na diski, ilijua tangu mchana kwamba kuandika kumeshindikana, ikaliandika jambo hilo kwenye logi yake. Programu yangu haikuuliza, kwa hiyo haikujibiwa.

Hatua ya kwanza: jua nani amekujibu

Fikiria ofisi ya serikali yenye masjala. Unafika na barua, karani wa mapokezi anagonga muhuri "IMEPOKELEWA", unaondoka umeridhika. Barua yako bado iko kwenye trei. Baadaye tarishi ataibeba pamoja na nyingine kuipeleka masjala, ndiko itakakowekwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio. Tarishi akinyeshewa njiani na barua ikaloa, atamwambia nani? Wewe uko kwenye daladala.

Programu inapoita `write` (agizo la kuandika), keneli inanakili data kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na kujibu "sawa". Huo ni muhuri wa mapokezi. Tarishi huamka kila baada ya sekunde 5, na hubeba data iliyokaa kwenye RAM zaidi ya sekunde 30. Ndivyo Linux inavyokuja ikiwa hujabadilisha mipangilio. Diski ikikataa wakati huo, `write` yako ilishajibiwa zamani.

Mwito unaokuruhusu kusubiri mlangoni mwa masjala ni `fsync`. Haurudi mpaka data imefika kwenye diski, au mpaka imejulikana kwamba haikufika. Ikishindikana unapewa namba ya kosa. Utakazokutana nazo zaidi ni `EIO` (diski imeshindwa), `ENOSPC` (nafasi imejaa) na `EDQUOT` (mgao wako wa nafasi umeisha).

Hatua ya pili: lione kwa macho yako

Linux ina faili la mazoezi linaloitwa `/dev/full`. Kila ukiandika humo unajibiwa kwamba nafasi imejaa, na haliharibu chochote. Fungua Python uandike:

```
f = open("/dev/full", "w")
f.write("kilo 48")
f.close()
```

Mstari wa pili unarudisha 7, yaani herufi zote saba zimepokelewa. Kosa linatokea kwenye `close`. Hapa kilichochelewesha kosa ni trei ya Python yenyewe, siyo ya keneli, lakini tabia ni ile ile: jibu zuri linatangulia, habari mbaya inafuata nyuma. Sasa jiulize ni programu ngapi umewahi kuandika bila kujali `close` imesema nini.

Hatua ya tatu: andika ukiwa na ushahidi

Hii ndiyo kazi (function) ninayotumia sasa. Inaandika faili jipya pembeni, inasubiri masjala, kisha inabadilisha jina. Umeme ukikatika katikati, unabaki na faili la zamani zima au jipya zima.

```
import os

def hifadhi(njia, data):
    pembeni = njia + ".mpya"
    f = os.open(pembeni, os.O_WRONLY | os.O_CREAT | os.O_TRUNC, 0o644)
    try:
        n = 0
        while n < len(data):
            n += os.write(f, data[n:])
        os.fsync(f)
    finally:
        os.close(f)
    os.rename(pembeni, njia)
    d = os.open(os.path.dirname(njia) or ".", os.O_RDONLY)
    try:
        os.fsync(d)
    finally:
        os.close(d)
```

`data` iwe baiti, siyo maandishi ya kawaida. Kuna mzunguko kwa sababu `os.write` ina haki ya kuandika pungufu ya ulichoipa. Ile `fsync` ya mwisho ni ya folda: jina jipya la faili nalo ni data, na nalo linaweza kupotea. Wengi huiacha.

Neno "Imehifadhiwa" lisionekane kwenye skrini kabla `hifadhi` haijarudi salama.

Hatua ya nne: fsync ikikataa, usiirudie

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana akili ya kawaida inakudanganya. Simu isipopokelewa unapiga tena. Kwa `fsync`, kupiga tena ni hatari.

Kwenye ext4, mfumo wa mafaili unaotumika kwenye Linux nyingi, data ikishindikana kuandikwa, keneli inaiondolea alama ya "bado haijaandikwa" na kuendelea na kazi. Ukiita `fsync` mara ya pili, keneli haioni cha kuandika, inakujibu "sawa". Ni tarishi aliyeitupa barua iliyoloa: ukimuuliza tena kama ana barua mkononi, atasema hana, na hasemi uongo.

Wakubwa wenyewe walinaswa hapo. Machi 2018, Craig Ringer aliwaeleza wenzake wanaotengeneza PostgreSQL kwamba hifadhidata yao ilikuwa inarudia `fsync` baada ya kosa na kuamini jibu la pili. Matoleo yao ya Februari 2019 yalibadili tabia hiyo: `fsync` ikishindwa, hifadhidata inajizima kwa makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu yake ya miamala. Naona ni uamuzi wa kiungwana. Afadhali kaunta ifungwe kuliko kutoa stakabadhi za uongo.

Keneli nayo ilirekebishwa. Kabla ya toleo 4.13, la Septemba 2017, kosa lingeweza kuchukuliwa na programu nyingine iliyotangulia kuuliza, wewe ukaambiwa mambo ni shwari. Tangu hapo kila aliyekuwa amelifungua faili anapewa habari yake. Lakini anapewa mara moja.

Kwa hiyo ukipata kosa: simamisha kupokea data mpya, onyesha onyo kubwa kwenye skrini, na data unayoishikilia iandike upya mahali pengine, diski tofauti.

Hatua ya tano: usizime mashine kwanza

Karani wetu aliona mistari yote jioni kwa sababu alikuwa anasoma RAM. Kwenye ext4 nakala nzuri hubaki kule kwa muda hata kama diski haina kitu. Ningelijua lile kosa saa kumi, ningenakili faili kwenda diski nyingine na kuliokoa lote. Mkono unakimbilia kitufe cha kuwasha upya, uzuie. Nakili kwanza, linganisha na karatasi, ndipo uzime.

Hatua ya sita: toa taarifa inayomsaidia fundi

"Kompyuta imekula data" haimsaidii mtu. Angalia keneli imesema nini:

`sudo dmesg -T | grep -i "error"`

Mashine ikiwa imeshawashwa upya, tumia `journalctl -k -b -1`, ambayo inasoma logi ya mwasho uliopita kama mashine yako inazitunza. Tafuta mistari yenye `I/O error` au `lost async page write`. Huo wa pili maana yake data iliyokuwa njiani imepotea. Inakili mistari mizima, usiifupishe. Ongeza saa ya tukio, jina la faili, toleo la keneli (`uname -r`), aina ya mfumo wa mafaili (`findmnt`) na hali ya diski (`sudo smartctl -a /dev/sdb`; `sdb` ni jina la diski, weka la kwako).

Angalia pia mfumo wa mafaili umeambiwa ufanye nini ukikutana na kosa: `sudo tune2fs -l /dev/sdb1 | grep -i errors`. Ukikuta `Continue`, ubadilishe kwa `sudo tune2fs -e remount-ro /dev/sdb1`, ili ujifunge usiandikwe tena. Ila hiyo inahusu makosa ya muundo wa mfumo wenyewe. Kosa kwenye data ya faili lako linaweza kupita bila mfumo kujifunga, kwa hiyo haichukui nafasi ya `fsync`.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Pasua: Shikamoo mwalimu. Mimi natumia `sync` kwenye skripti yangu ya bakapu kila usiku. Si inatosha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwito wa `sync` hauna jibu kabisa. Hauwezi kukuambia umeshindwa hata ukitaka. Andika `sync` ukifuatisha jina la faili, mfano `sync bakapu.tar`. Hapo inafanya `fsync` ya faili hilo, na skripti inaweza kukagua kama imefaulu. Wanaotumia `dd` nao waongeze `conv=fsync`, kwa sababu amri za kunakili `cp` na `dd` zikiachwa hivi hivi hazisubiri masjala.

Mwalimu wa Hesabu, Sakina: Shuleni kwetu hapa Arusha alama za wanafunzi zinakaa kwenye seva, tunazifikia kwa NFS, yaani kupitia mtandao. Mwaka jana alama za darasa zima zilipotea, seva ilikuwa imejaa. Kila mwalimu anasema alihifadhi.

Jibu: Pole sana mwalimu, na wenzako wanasema kweli. Kwa NFS, habari ya kwamba seva imejaa au mgao umeisha mara nyingi haiji kwenye `write`. Inakuja kwenye `fsync` au `close`. Programu isiyokagua `close` inalitupa kosa na kujifunga kimya. Mwombe aliyeandika programu yenu aongeze ukaguzi huo. Wakati mnasubiri, mwalimu akimaliza kuingiza alama alifungue faili akiwa kwenye kompyuta nyingine, siyo ile aliyoandikia.

Fundi Njiro: Mkuu, sisi tumeweka UPS. Umeme ukikatika hatuna wasiwasi.

Jibu: UPS ni nzuri, iacheni. Inakulinda data isikatiziwe njiani na umeme. Diski mbovu inakataa kuandika hata umeme ukiwepo.

Mama Stesheneri, Mbuyuni: Mimi si mtu wa kuandika programu, nina duka la stesheneri. Wateja wanachomoa flashi na Windows inaandika "Delayed Write Failed". Nifanye nini?

Jibu: Mama, hiyo ni habari ile ile kwa upande wa Windows: nilikuambia nimeandika, kumbe nilikuwa sijamaliza, na sasa siwezi. Faili hilo lihesabu limeharibika, mteja alinakili upya kabla hajaondoka. Tangu toleo 1809 la Windows 10 flashi zimepangwa ziweze kuchomolewa haraka, lakini kunakili kukiwa kunaendelea bado kunaumiza. Mfundishe kijana wa dukani atumie kitufe cha kuondoa kifaa kwa usalama. Kama ujumbe unarudi na flashi haijaguswa, flashi yenyewe au tundu la USB limechoka.

Karani wa Uru: Mwalimu, nimejaribu `fsync` kwa kila gunia, mashine yetu ya zamani ikawa nzito. Msimu ukichanganya foleni ni ndefu, akina mama wamesimama juani. Nikipunguza, nafanya `fsync` kila baada ya dakika tano, kuna ubaya?

Jibu: Ubaya upo. Ndani ya dakika tano hizo umeshatoa stakabadhi za kilo ambazo haziko kwenye diski. Usipange kwa saa, panga kwa mkulima. Akileta magunia sita, ingiza yote sita, ita `fsync` mara moja, ndipo printa itoe stakabadhi moja yenye jumla. Umefanya kazi ya mara sita kwa mara moja, na hakuna karatasi inayotoka kabla ya jibu la diski. Pia usiandike upya faili la msimu mzima kwa kila mkulima: ongeza mistari mipya mwishoni kisha `fsync`. Ile kazi ya `hifadhi` ni ya mafaili madogo, kama orodha ya bei au mipangilio. Nakala za kaboni msiziache.

Fundi Njiro: Nimeendesha `smartctl` baada ya kusoma somo. `Reallocated_Sector_Ct` ni 0, `Current_Pending_Sector` 0, lakini `UDMA_CRC_Error_Count` ni 140. Nitupe diski?

Jibu: Hapana mkuu. Hizo mbili za kwanza ndizo zinazohusu uso wa diski, na zako ni safi. CRC ni data inayoharibika njiani kati ya diski na ubao mama, mara nyingi ni waya wa SATA. Badilisha waya, ubane vizuri pande zote mbili. Hesabu hiyo haishuki hata ukishatengeneza, kwa hiyo andika 140 na tarehe ya leo kwenye karatasi, ibandike juu ya kasha, uangalie tena Jumatatu.