Kompyuta ya Mezani Inapogoma Baada ya Kubadilishiwa Prosesa

Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009 zina soketi ya LGA 775, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na wengi hudhani kwamba prosesa yoyote inayoingia humo itafanya kazi. Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007 hukaa vizuri kabisa hata katika madabodi iliyoundwa kwa ajili ya Pentium 4, lakini chipseti (chipu za madabodi zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine) au BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta) isipoitambua, feni itazunguka na skrini itabaki nyeusi. Soma kwanza orodha ya prosesa iliyotolewa na mtengenezaji wa madabodi, kisha sasisha BIOS prosesa ya zamani ikiwa ingali mahali pake.

Skrini ikibaki nyeusi ingawa prosesa imo katika orodha hiyo, hakikisha waya wa volti 12 umechomekwa karibu na soketi, kwa maana husahaulika mno. Kisha toa prosesa na umulike soketi kwa tochi ya simu ukiinamisha mwanga: pini ziko kwenye soketi, na iliyopinda hung'aa tofauti na zilizoizunguka. Mwisho chomoa umeme na utoe betri ya CR2032 kwa dakika chache ili BIOS isahau mipangilio ya awali.

Kompyuta inayowaka kisha ikazima baada ya muda mfupi mara nyingi inazidiwa na joto. Feni ya Intel ya soketi hii hushikwa na pini nne za plastiki, ambazo kwa maoni yangu ni ubunifu mbaya. Moja isipolia ikinasa, feni hukaa upande. Toa madabodi katika kasha uangalie kwa nyuma kama ncha zote nne zimetokeza, kisha futa grisi ya zamani ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa na upake mpya.

Ukitaka kuipandisha Q6600 kupita kasi ya kiwandani, kumbuka kwamba GHz 2.4 zake ni MHz 266 za basi (njia ya data kati ya prosesa na chipseti) zikizidishwa kwa 9, kwa hiyo MHz 333 za basi huleta GHz 3.0. RAM nayo hupanda pamoja na basi, na ndiyo hugoma huku prosesa ikilaumiwa bure. Weka uwiano wa 1:1 kati ya basi na RAM, ambao kwa MHz 333 unaifaa RAM ya DDR2-667, funga PCI Express (njia ya kadi ya picha) kwenye MHz 100, na upandishe basi MHz 10 kwa wakati mmoja, ukijaribu kila hatua kwa Prime95, programu inayoifanyisha prosesa kazi nzito. Ikikwama, rudi hatua moja kabla ya kugusa volti. BIOS za kompyuta nyingi za ofisini hazina mipangilio hii kabisa.