Kufundisha historia ya Wamakonde wa Kwale kwa neno moja: kipande

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha pwani ya kusini ya Kenya nilimsimamisha mwanafunzi Mmakonde nikamwambia, "Haya, tueleze mila zenu." Akainamisha kichwa. Mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama bibi yake ana chale usoni, darasa likaangua kicheko. Kesho yake hakuja shule. Mpango huu ulizaliwa na aibu ile. Unataka vipindi vitatu vya dakika 40, kamba, vibanio vya nguo na mzee mmoja aliye radhi kuzungumza.

Hatua ya 1: Watume nyumbani na neno

Siku moja kabla ya kipindi, wanafunzi wawaulize watu wa kwao: kipande ni nini? Wengi watarudi na jibu moja, kitambulisho. Hapo ndipo unapoanza. Kipande cha kwanza kilikuwa karatasi ndani ya kikebe cha chuma, na mwanamume Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani yake mliandikwa mwajiri na mshahara, kwa hiyo aliyetoroka shamba la mzungu alijulikana mara moja.

Tengeneza kikebe cha kadibodi, lakini usimvishe mtoto yeyote. Kiweke mezani, wakishike wenyewe. Kisha wasimulie Harry Thuku, aliyepinga kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kumdai Nairobi ukamiminiwa risasi. Usimruke Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao na kufa siku hiyo.

Hatua ya 2: Tunga kamba

Funga kamba ukutani. Upande mmoja bana karatasi ya 1922, upande wa pili 2016. Katikati wanafunzi wapange haya: miaka ya 1930 na 1940, Wamakonde kutoka kaskazini mwa Msumbiji wanakuja Kwale kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa; 1963, uhuru, na wao hawahesabiwi raia; miongo inayofuata, watoto na wajukuu wanazaliwa hapa hapa bila kitambulisho, kwa hiyo bila laini ya simu kwa jina lao wala akaunti ya benki. Baadhi walijiandikisha kama Wadigo ili mambo yaende. Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, wakapokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla Desemba haijaisha.

Sasa uliza: inakuwaje mwaka wa 1922 watu wanapigwa risasi wakikikataa kipande, na mwaka wa 2016 wengine wanakifuata hadi Nairobi? Halafu nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, nawe utatamani kuujaza. Usiujaze.

Hatua ya 3: Hesabu makabila

Hii ni fupi. Sote tulikaririshwa "makabila 42". Waulize Wamakonde walikuwa wapi kabla ya kuitwa kabila la 43. Ongeza Wakenya wenye asili ya Asia, waliotambuliwa 2017, na Wapemba, 2023. Watagundua wenyewe kwamba orodha hiyo ina mwandishi, na kwamba mwandishi hubadilisha mawazo.

Hatua ya 4: Mlete mzee

Hapa usifanye haraka. Mwendee kwake kwanza, mapema, uketi. Mweleze watoto ni wa rika gani na watamuuliza nini. Muulize jambo asilotaka kuulizwa. Mzee wangu alisema, "Uso wangu wasiuulize," na niliwaambia darasa hivyo hivyo kabla hajaingia. Nauli na chai viko juu yako. Kama mjukuu wake yumo darasani, omba ridhaa ya mjukuu pia, maana kuna mtoto atakayefurahi na kuna atakayetaka ardhi immeze.

Maswali waandike wanafunzi, wewe uyachuje. Yanayozaa ni ya kazi na mwendo: mlilipwaje kwa mkonge, mlikata miwa na nani, siku ya kwanza kushika kitambulisho ulikipeleka wapi? Maswali ya "mila na desturi" huleta ngoma na vinyago, na kipindi kinageuka maonyesho ya watalii. Sina ugomvi na vinyago. Lakini mtu aliyekata mkonge miaka 30 ana mengi zaidi.

Mzee akitaja mwaka usioafikiana na kamba yenu, usimsahihishe mbele ya watoto. Andika yote mawili ubane pamoja. Kipindi kinachofuata wajadili kwa nini karatasi ya serikali na kumbukumbu ya mtu hupishana.

Hatua ya 5: Kazi ya kuandika

Usiwape "taja mila tano za Wamakonde". Wape hili: mtu amezaliwa Kwale 1964, wazazi wake ni vibarua wa mkonge. Mwandikie barua ya kuomba kitambulisho mwaka wa 1985, kisha jibu la ofisa. Ninapotuza alama naangalia kama barua inataja ushahidi ambao mtu huyo angeweza kuwa nao kweli, na kama ofisa anatoa sababu badala ya matusi. Barua za ofisa ndizo ngumu. Mwanafunzi mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Rudi wiki ijayo." Nilimpa alama zote.