Hesabu karatasi kabla ya pesa: namna ya kukusanya matoleo ya kale ya Kigiriki na Kilatini

Nakala ya Virgil iliyochapwa Venice mwaka 1501 inaweza kuwa na jalada la ngozi nyekundu na kingo za dhahabu, na bado isistahili bei inayotajwa, kwa kuwa karatasi mbili za katikati zilinyofoka zamani na hakuna aliyehesabu. Anayeanza huangalia mwaka. Mzoefu huhesabu karatasi kwanza, kisha mwaka, na jalada huwa la mwisho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kuhesabu.

Anza na uwanja mdogo

Hakuna mfuko unaotosha kukusanya waandishi wote wa Ugiriki na Roma. Chagua mpiga chapa mmoja, mwandishi mmoja, au jambo moja linalokugusa.

Ukichagua mpiga chapa, jina la kwanza ni Aldus Manutius wa Venice. Alitoa Aristotle kwa Kigiriki katika majalada matano kati ya 1495 na 1498. Mwaka 1501 alianza mfululizo wa vitabu vidogo vya kubeba mkononi, kwa herufi za italiki zilizochongwa na Francesco Griffo. Sophocles wa 1502 na Plato wa 1513 ni matoleo yaliyochapwa kwa mara ya kwanza kabisa, yaani editio princeps, na bei zake ziko juu. Aldus alifariki 1515, lakini nyumba yake iliendelea kuchapa hadi 1597, na vitabu vya miaka hiyo ya baadaye, hasa Cicero wa mwanawe Paulus, hupatikana kwa bei ya chini zaidi. Nembo ya nyumba hiyo, nanga na pomboo, ni ile ile.

Mwenye fedha chache asikate tamaa. Matoleo yenye maneno "in usum Delphini", yaliyoanza kutoka Paris miaka ya 1670 kwa ajili ya mwana wa mfalme Louis XIV, pamoja na yale ya Zweibrücken yaliyoanza 1779, yamebaki kwa wingi. Jalada moja mara nyingi halizidi bei ya kitabu kipya cha chuo kikuu. Hapo ndipo pa kujifunzia, kwa sababu kosa lake haliumizi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ipo njia nyingine yenye maana kubwa. Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, inaeleza pwani yetu hadi bandari ya Rhapta, na kusema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba, jamaa wa mtepe. Ilichapwa kwa mara ya kwanza Basel na Froben mwaka 1533, ikihaririwa na Sigismund Gelenius, na wakati huo ilidhaniwa kuwa kazi ya Arrian. Mwaka huo huo nyumba hiyo hiyo ilichapa kwa mara ya kwanza Jiografia ya Ptolemy kwa Kigiriki, kwa usimamizi wa Erasmus, nayo pia inaitaja Rhapta. Baada yake kuna toleo la Geneva la 1577, la Hudson la Oxford la 1698, la Müller la Paris la 1855, na tafsiri ya Kiingereza ya Schoff ya 1912. Anza na Schoff na Müller, ambao hupatikana bila shida, kisha rudi nyuma kadiri mfuko unavyoruhusu. Rafu moja tu itabeba historia ya namna pwani hii ilivyosomwa Ulaya kwa karibu miaka 400.

Kuusoma ukurasa wa jina

Majina ya miji yameandikwa kwa Kilatini, na yamewapoteza wengi. Lugduni ni Lyon, lakini Lugduni Batavorum ni Leiden. Coloniae ni Köln, ila Coloniae Allobrogum ni Geneva. Lutetiae ni Paris, Argentorati ni Strasbourg, Biponti ni Zweibrücken. Usisome neno la kwanza tu ukaacha la pili.

Mwaka nao una mitego. Waholanzi walipenda kuandika CIƆ kwa 1000 na IƆ kwa 500, hivyo CIƆ IƆ C XXXV ni 1635. Venice nayo ilianza mwaka wake tarehe 1 Machi, kwa hiyo kitabu kinachosema Januari 1501 huenda kilitoka Januari 1502 kwa hesabu yetu. Na kama ukurasa wa mbele hauna mwaka, nenda mwisho wa kitabu. Katika vitabu vya mwanzo, mji, mpiga chapa na tarehe hukaa kwenye kolofoni, aya fupi inayofunga kazi.

Kuhesabu karatasi

Fundi alikunja karatasi kubwa, akaishona pamoja na nyingine katika mafungu, na chini ya ukurasa akaweka herufi ya kumwongoza mshonaji: a, a2, a3, a4, kisha b, b2, na kuendelea. Katika fungu la karatasi nane, kwa kawaida nne za kwanza tu ndizo zenye alama. Nne zinazofuata ni nusu ya pili ya karatasi zile zile zilizokunjwa, hivyo hazihitaji.

Alfabeti ya Kilatini ya wapiga chapa ina herufi 23: haina j wala w, na u na v ni herufi moja. Chukua mfano wa kitabu ambacho orodha inasema ni a–z⁸ A–C⁸ D⁶, namba ndogo ya juu ikiwa idadi ya karatasi za kila fungu. Mafungu 23 na 3 ni 26, mara 8 ni karatasi 208, ongeza 6 za mwisho, jumla 214, yaani kurasa 428. Ukihesabu 213, simama hapo hapo na utafute iliyopotea kabla ya kuzungumzia bei.

Namba za kurasa usizitegemee. Zilikosewa mara kwa mara kiwandani, na kitabu kinaweza kuruka kutoka 160 hadi 171 bila karatasi yoyote kukosekana. Fuata herufi za mafungu, kisha hakikisha kwa neno la kuunganisha: katika vitabu vingi neno la kwanza la ukurasa unaofuata limechapwa peke yake chini ya ukurasa uliopo. Aliyewahi kufungua mswada wa Kiarabu atalitambua mara moja, maana waandishi wa miswada walitumia mbinu hiyo hiyo.

Vitabu vingi vya Aldus vinakurahisishia kazi. Karibu na mwisho kuna registrum, orodha ya herufi za mafungu yote, na chini yake maneno kama "omnes quaterniones", yaani yote ni ya karatasi nane, ikifuatiwa na fungu linalotofautiana kama lipo. Linganisha orodha hiyo na kitabu chenyewe, fungu kwa fungu, kidole kikiwa kwenye mshono. Kinachokosekana zaidi ni karatasi ya mwisho yenye nanga, na karatasi nyeupe zisizo na maandishi, ambazo wajalidi wa zamani walizitupa. Karatasi nyeupe iliyokuwa sehemu ya fungu inahesabika: kukosekana kwake hakuharibu usomaji, lakini lazima kutajwe na bei ishuke.

Halafu inua karatasi kwenye mwanga. Karatasi ya mkono ina mistari iliyoachana kwa sentimita mbili hadi tatu, iliyotokana na waya za kiunzi, na alama ya maji kama ile ya kwenye noti. Katika folio, karatasi kubwa iliyokunjwa mara moja, mistari imesimama wima na alama iko katikati ya karatasi. Katika kwarto, iliyokunjwa mara mbili, mistari imelala na alama imezama kwenye mshono. Katika oktavo, iliyokunjwa mara tatu, mistari inasimama tena, na alama iko juu, upande wa mshono, imekatika vipande. Ukikuta karatasi moja ambayo mistari yake imelala ndani ya oktavo ambayo mistari yake yote imesimama, karatasi hiyo ni mgeni.

Tundu la mdudu ni shahidi mzuri kuliko cheti. Mdudu hutoboa akisonga mbele, kwa hiyo tundu lililo d7 lazima lionekane d8 mahali pale pale, na e1 pia, likipungua polepole hadi liishe. Likikatika ghafla kwenye karatasi moja kisha likaendelea kwenye inayofuata, karatasi hiyo imetolewa kwenye nakala nyingine, au tundu lake limezibwa. Ziko pia karatasi zilizochorwa kwa kalamu na mafundi wa karne ya 19 kuziba pengo, tena kwa ustadi wa kushangaza. Laza tochi ubavuni mwa ukurasa: herufi za risasi ziliikandamiza karatasi, na mwanga wa pembeni huonyesha mabonde yake. Penye wino uliokaa juu tu, pana shaka.

Matoleo ya kughushi na miaka ya uongo

Vitabu vidogo vya Aldus viliigwa Lyon karibu mara vilipotoka, bila jina la mpiga chapa, mji wala mwaka. Aldus alijibu kwa tangazo la tarehe 16 Machi 1503, akiorodhesha makosa ya chapa yaliyomo ndani ya nakala hizo, na kulalamika kwamba karatasi zao ni duni na zina harufu mbaya. Waigaji waliitumia orodha hiyo kusahihisha makosa yao. Kwa hiyo kukosekana kwa kosa fulani hakutoshi kuwa uthibitisho. Angalia kolofoni, herufi zenyewe, na jinsi zinavyoungana. Matoleo haya ya Lyon yana wakusanyaji wake, na hakuna aibu kununua moja, mradi unalipia Lyon na si Venice.

Caesar wa Elzevir, wapiga chapa wa Leiden, 1635, ni mfano mwingine. Toleo lililo sahihi linatambulika kwa makosa yake: ukurasa wa 149 umeandikwa 153, wa 335 umeandikwa 345, na wa 475 umeandikwa 375. Namba zikiwa zimenyooka, una toleo la baadaye lenye mwaka ule ule. Naye Virgil wa Baskerville, mpiga chapa wa Birmingham, alichapwa upya miaka zaidi ya kumi baadaye, na mwaka 1757 ukaachwa ulivyo kwenye ukurasa wa jina.

Silaha ya mnunuzi leo ni nakala za kidijitali. Maktaba ya Bavaria mjini München, Gallica ya Ufaransa na e-rara ya Uswisi zimeweka vitabu vingi vya aina hii wazi mtandaoni, kurasa zote. Fungua nakala yao pembeni, linganisha mistari ya mwisho ya kurasa nne au tano. Kama maneno yanakatika mahali tofauti mwishoni mwa mstari, hilo ni toleo jingine hata kama ukurasa wa jina unafanana. Orodha za kutafutia ni ISTC kwa vitabu vya kabla ya 1501, EDIT16 kwa Italia ya karne ya 16, STCN kwa Uholanzi, na USTC kwa Ulaya nzima.

Kununua

Muulize muuzaji kwa maandishi: kuna karatasi inayokosekana, ikiwemo nyeupe? Kuna iliyotoka nakala nyingine? Urefu wa ukurasa ni milimita ngapi? Swali la mwisho si la mapambo. Kila mjalidi aliyefunga upya kitabu alikata kingo kidogo, na vitabu vya Elzevir, vyenye urefu wa sentimita 12 hadi 13 tu, hutofautiana bei kwa milimita chache. Omba picha za ukurasa wa jina, kolofoni, ukurasa wa mwisho, na kila muhuri.

Muhuri wa maktaba uchukulie kwa uzito wote. Maktaba huuza nakala za ziada, lakini huacha alama ya kuziachia, kama "duplum" au "Doublette". Muhuri usio na alama hiyo, au sehemu iliyokwanguliwa na kulowana mahali muhuri hukaa, ni sababu ya kuuliza kabla ya kulipa. Mwaka 2012 iligundulika kwamba maktaba ya Girolamini ya Naples ilikuwa imeporwa vitabu vingi, na baadhi vilikuwa vimeshaingia sokoni. Kitabu cha wizi hurudishwa, na pesa yako hairudi kwa urahisi.

Wauzaji walio chini ya ILAB, muungano wa kimataifa wa vyama vya wauzaji wa vitabu vya kale, wanafungwa na kanuni za kueleza kasoro. Kwenye mnada, soma masharti kwanza: kamisheni ya mnunuzi mara nyingi hufika robo ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, au zaidi, na vitabu vingine huuzwa bila haki ya kurudisha. Kinachotoka Italia kinaweza kuhitaji kibali cha serikali kabla ya kusafirishwa. Ankara itaje mwaka wa kuchapwa, kwa sababu vitu vilivyopita miaka 100 vina kifungu chake cha forodha, 97.06.

Kutunza

Adui wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ni unyevu. Lenga asilimia 45 hadi 55, pima kwa haigromita ndogo, na ujue kwamba ikipita 65 ukungu huanza. Usifunge kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Tumia sanduku la karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje. Usipake ngozi mafuta wala usitumie gundi ya utepe. Shika kwa mikono safi na mikavu, si glavu za kitambaa, ambazo huondoa hisia za vidole na kurarua kingo. Jalada la ngozi ya ndama isiyotiwa dabagha hujipinda hewa ikibadilika; weka uzito mdogo juu yake, wala usilikunje kinyume kwa nguvu.

Kila kitabu kiwe na kikaratasi chake kisicho na asidi, kilichoandikwa kwa penseli: fomula ya mafungu, idadi ya karatasi ulizohesabu, urefu kwa milimita, kasoro zote, bei, na tarehe ya ununuzi. Ankara na maelezo ya muuzaji yahifadhiwe faili moja. Siku ya kuuza, mnunuzi ataanza kuuliza hayo.