Somo: Kabla hujanunua lenzi, zikague picha zako mwenyewe

Wakuu, nilikuwa nimeshaweka pesa ya lenzi mpya, maana picha zangu za jioni pale Forodhani zilikuwa zinatoka zimetikisika. Nikasema ngoja kwanza nipitie za mwaka mzima. Lenzi ya watu haikuwa na kosa.

Hatua ya 1. Acha kufuta. Picha mbovu zote zitie kwenye folda moja. Mimi nilikuwa nafuta palepale kwenye kamera, ushahidi unapotea, kesho narudia kosa lilelile.

Hatua ya 2. Soma taarifa za kila picha: mwendo wa shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), tundu la lenzi (upana wa mlango wa mwanga, huandikwa kwa f), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na saa. Ziandike kwenye daftari, hata kwa penseli.

Hatua ya 3. Angalia kinachojirudia. Hapa ndipo nilipoumbuka. Vijana wanaojirusha baharini niliwapiga kwa f/5.6, shata 1/60, ISO 100. Karibu wote! Zamani niliambiwa ISO ikipanda picha inaharibika, basi nikaiganda 100 kama nimekula kiapo. Kijana yuko hewani, mikono imegeuka moshi, lakini ukuta nyuma yake umetulia hadi nyufa unazihesabu. Ukiona hivyo jua mkono wako hauna shida, shata ndiyo ilichelewa. Kingetikisika kila kitu, ukuta na mtu, hapo lawama ni ya mkono. Jioni iliyofuata nikapandisha ISO hadi 1600, shata ikaruka hadi 1/1000 kwa mwanga uleule. Matone ya maji yakaonekana moja moja. Chengachenga, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, zipo kidogo, sijaona aliyelalamika.

Hatua ya 4. Tazama saa. Nyingi zangu ni za saa 6 hadi 8 mchana, jua la utosini, macho ya watu yamekuwa mashimo. Siku hizi natoka saa 11 jioni.

Hatua ya 5. Rekebisha tabia moja kwanza, ikishazoeleka ndiyo uende nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sisi wa simu taarifa hizo tunazipata?*
Mnazipata, fungua picha kisha uivute juu au uguse alama ya maelezo. Ila iwe picha yenyewe ya asili. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imeshavuliwa taarifa hizo. Omba utumiwe kama faili.

*Kwenye harusi, bwana harusi akivaa kanzu nyeupe uso unatoka giza. Nakosea wapi?*
Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso ndio unaoumia. Ongeza mwanga hadi +1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, au pima mwanga usoni. Mikunjo ya kanzu ikianza kupotea, shuka hadi +0.7.

*Kwa hiyo lenzi hukununua?*
Sikununua. Nimenunua memori kadi, si nimeacha kufuta?