Mtoto ana homa: maswali yangu kabla sijakuuzia dawa

Nina duka la dawa jirani na mwalo wa Kirumba, Mwanza. Wateja wangu wengi ni akina mama wa dagaa, mtoto mgongoni: "Dada, nipe dawa ya homa." Nami nauliza kwanza. Ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ukimwamsha anaamka, au amelegea tu? Jibu likiwa baya hata kwa moja, siuzi. Panda bodaboda, hospitali, hata kama ni usiku. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au aliyepoa kuliko kawaida, naye aende hapo hapo.

Degedege likimkuta nyumbani, mlaze ubavu na usimtie kijiko mdomoni. Bibi atasema sindano inaua mtoto mwenye dege. Mheshimu bibi, lakini nenda.

Kikohozi chenyewe hakinitishi, pumzi ndiyo inanitisha. Mpandishe fulana akiwa ametulia au amelala, si anapolia. Washa saa ya simu, hesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utakosea, maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi asitimize mwaka, 50. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, 40. Hiyo inaweza kuwa nimonia, aonwe leo. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta hewa pakabonyea ndani, usisubiri hata uji uive.

Homa bila dalili hizo? Huku ziwani apimwe malaria siku hiyo hiyo, zahanati yoyote, tone la damu ya kidole. Usimpe mseto, dawa ya malaria, kwa kubahatisha, wala ule aliobakiza kaka yake. Panadoli hushusha joto tu, haiui vimelea. Jioni anacheza, usiku anazidiwa.

Anayeharisha mpe ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwa kipimo cha kwenye pakiti, na zinki siku zote ulizoandikiwa hata choo kikishakauka. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, au ukaona damu kwenye choo chake, mpeleke. Mwenye selimundu (sickle cell) akipata homa yoyote, hospitali moja kwa moja.

Si lazima uanze kwa bingwa wa watoto. Zahanati au kituo cha afya watakupa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando inapobidi. Beba kadi ya kliniki pamoja na chupa ya dawa uliyokwisha kumpa, na ukumbuke ulimpa saa ngapi. Mnaotoka visiwani, amueni mapema mchana, kivuko hakisubiri homa ipande.