Kujipanga na mtihani wa takwimu wa mtandaoni

Kama uko Kisumu na mtihani wa takwimu utafanyia mtandaoni, anza na karatasi kwanza, laptopu baadaye. Chukua bei za samaki pale soko la Kibuye, tuseme 250, 500, 200, 300, 250, jumlisha upate 1500, gawa kwa 5, wastani ni 300, lakini namba ya katikati (median) ni 250, na hapo ndio wengi huanguka juu hawapangi namba kutoka ndogo hadi kubwa kabla ya kuchagua. Rudia mpaka mkono uzoee. Chaji kila kitu usiku, na bando ya simu iwepo hata kama kuna waifai, mimi stima ilipotea nikiwa swali la nane na waifai ikaenda nayo, niliumia sana. Kalkuleta weka kando yako, betri ukishaijaribu.